Mjomba Hatakiwi Kushinda

Ofisi yetu ilikuwa ya vioo kuanzia sakafuni hadi darini. Milango vioo, kuta vioo, hata meza ya mikutano ilikuwa kioo, kiasi kwamba ukikaa kwenye kikao kila mtu anaona soksi zako. Bosi aliipenda mno. Kila mgeni aliyeingia aliambiwa kwamba hapa ndipo nyumbani kwa uwazi, hapa hakuna kinachofichwa. Palipojengwa kwa matofali ni pawili tu: chooni, na kile chumba ambamo bosi alipigia simu zake.

Tulikuwa tunauza majina ya tovuti, ile anwani unayoandika kwenye simu ukitaka kuona duka la mtu au shule ya mtu. Jina la namna hiyo halinunuliwi likaisha. Unalilipia kila mwaka, kama pango. Ukisahau, kampuni inakusubiri siku thelathini kwa huzuni kubwa, halafu inalichukua na kulipiga mnada mtandaoni. Mwenyewe akizinduka anakuta chake kinanadiwa, naye anakaribishwa kwa heshima zote ajiunge na wanaokigombea.

Asubuhi nilikuwa huduma kwa wateja. Mchana nilikuwa Mjomba.

Mjomba alikuwa mnunuzi wetu mkubwa kuliko wote. Hakukosa mnada hata mmoja, na kwa miaka mitatu hakuwahi kununua kitu. Tulimwita hivyo kwa sababu alifanana na yule mjomba wa kila ukoo anayefika kwenye kikao cha harusi, anadai ukumbi mkubwa zaidi, magari mengi zaidi, halafu wakati wa kuchanga anakumbuka kwamba nyumbani ameacha mgonjwa. Kazi yake ilikuwa nyepesi. Mteja anaandika kikomo chake, kiasi cha mwisho anachoweza kutoa, na tovuti yetu inamwapia kwa herufi nene kwamba kikomo hicho ni siri kati yake na mashine. Akitokea mshindani, mashine inampandishia dau lake kidogo kidogo, hadi pale alipoandika. Siri yenyewe mimi nilikuwa naiona kwenye skrini yangu, kwa rangi ya kijani. Basi Mjomba anaanza chini, anapanda, anamsukuma mteja ngazi kwa ngazi, na akibakiza elfu mbili tatu kufika kwenye ile kijani, anakohoa na kuondoka zake. Mteja anashinda. Anatupigia simu kushukuru. Wapo waliolia kwa furaha, nami nikiwapongeza kwa ile sauti laini niliyofundishwa.

Usiniulize nilikuwa najisikiaje. Nilijisikia mtu mwenye mshahara.

Ili Mjomba awe mnunuzi kamili alihitaji kitambulisho chenye picha. Ofisa utumishi wa zamani alifungua kabati, akavuta faili la kwanza lililomjia mkononi, akaskani kilichokuwemo. Lilikuwa faili la mlinzi wa getini. Ofisa akaacha kazi, Mjomba akabaki. Mlinzi hakuambiwa. Bosi naye hakuwahi kuuliza uso wa Mjomba ni wa nani, na hata angeuona asingeutambua, maana kila asubuhi alipita pale getini simu ikiwa sikioni na kioo cha gari kimepandishwa.

Huyo mlinzi alikuwa mtu wa kitabu. Mezani kwake palikuwa na kitabu kikubwa cha wageni kilichopigwa mistari kwa rula: jina, saa ya kuingia, anayeonwa, saa ya kutoka. Hakuna aliyepita bila kuandika. Mke wa bosi aliandika. Fundi wa kuzibua mabomba aliandika, na maji yakiendelea kufurika. Siku moja mlinzi alimrudisha mtu kutoka ghorofa ya pili kwa sababu alikuwa ameandika saa bila dakika. Tulimcheka sana, sisi wa vioo.

Sasa nije kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, na hajawahi kuniita kwa jina. Kwake mimi ni "mwanangu," hata anaponigombeza. Ana karakana ya kushona sare za shule, mashine sita na wanawake sita, na miaka michache iliyopita mkwewe alimfungulia tovuti ya kupokea oda. Walimu wakuu waliipenda. Oda zikaongezeka, na mama mdogo akafanya jambo ambalo kwa fundi nguo ni kama kula kiapo: akaagiza lebo elfu ishirini zenye jina la tovuti, akawa anazishona kwenye kola ya kila shati. Jina lake likawa linatembea shingoni mwa watoto wa shule kumi na moja.

Mkwe alikuwa ameandikisha tovuti kwa barua pepe yake mwenyewe. Mkwe akagombana na mkewe, akaondoka, akaondoka na barua pepe yake. Vikumbusho vyetu vya kulipia vilimfikia yeye, na bila shaka alivisoma kwa raha zake.

Jumapili nilikwenda kumtembelea mama mdogo, nikamkuta amekaa na simu mapajani, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alinieleza kwamba jina lake liko mnadani siku ya tatu sasa. Alikuwa na pesa alizoziweka kwa ajili ya mashine ya vifungo, kwa sababu matundu ya vifungo bado wanayashona kwa mkono, na macho ya wale wanawake yanakwisha. Zote amezitia humo. Hakujua kwamba kampuni yenyewe ni ile ninayofanyia kazi. Kwake mimi nilifanya kazi "kwenye vioo," na hilo lilimtosha kujivunia.

"Kuna mtu mmoja ananifukuza," akaniambia. "Nikipanda, anapanda. Sijui nimemkosea nini, mwanangu."

Nilimuuliza ameweka kikomo cha kiasi gani. Akasema laki nane na elfu arobaini na tatu.

Nilishusha kikombe. Kwenye skrini zetu wateja hawana majina, wana namba tu, na tovuti inayonadiwa nayo ni namba tu. Mnunuzi 31 nilikuwa nimemsukuma tangu Ijumaa mchana, na nilimkumbuka kwa sababu ya kikomo chake cha ajabu: laki nane na arobaini na tatu. Hakuna mtu mwingine duniani wa kuongeza hiyo elfu arobaini na tatu ila fundi nguo aliyehesabu hadi sarafu ya mwisho kwenye kopo.

Ungetegemea nimwambie. Hata mimi nilitegemea. Badala yake nilimwambia asiwe na wasiwasi, huenda mtu huyo akachoka, nikajitia hamnazo na kuomba chai zaidi. Moyoni nilijipangia kwamba Jumatatu Mjomba angeugua ghafla na mama mdogo angelipata jina lake kwa lile dau la laki tatu alilokuwa amefikia. Mpango mzuri. Ulidumu hadi saa mbili na nusu asubuhi.

Saa hiyo bosi alituita kwenye meza ya kioo. Watu walikuwa wamelalamika kwa Mamlaka ya mawasiliano kwamba kwenye minada yetu wanashindana na mizuka, na Mamlaka ilikuwa inaleta wakaguzi siku hiyo hiyo. Bosi hakuonekana na hofu. Alikuwa ameshaipa siku jina, Siku ya Uwazi, na ameshaagiza maua. Wakaguzi wangeoneshwa mnada ukifungwa mubashara kwenye skrini kubwa ya ukumbini, na mnada aliouchagua ulikuwa ule wa jina la karakana ya sare, kwa kuwa ndio uliokuwa na ushindani mkali kuliko yote. Ushindani wenyewe ulikuwa kati ya mama mdogo na kidole changu.

Halafu akaongeza la kwake. Kwa kuwa watu wanasema wanunuzi wetu ni mizuka, basi kando ya kila dau ioneshwe picha ya kitambulisho cha aliyelitoa. Fundi wa mitambo, aliyekuwa na wiki tatu kazini, aliuliza kama ni picha za wote.

"Wote," bosi akasema. "Uwazi hauna nusu."

Mezani tulikuwa wanane, na watano kati yetu tulijua uso wa Mjomba ni wa nani. Hakuna aliyefungua mdomo. Kwenye kampuni ile bosi hakukosolewa, hata akisimama juu ya waya wa umeme. Aliyewahi kumkosoa alihamishiwa tawi ambalo halikuwepo. Mimi nilikuwa na sababu yangu ya ziada ya kunyamaza, ingawa wakati ule sikuijua vizuri: moyoni nilitaka Mjomba aumbuke.

Wakaguzi walikuwa watatu. Wanaume wawili, ambao baada ya salamu waliuliza chakula ni saa ngapi, na mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, ambaye hakuuliza kitu. Walikaa viti vya mbele. Bosi alihutubia kwa dakika ishirini juu ya imani, akiwavika vilemba vya ukoka mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na kompyuta ndogo mapajani, kama mtu anayeandika kumbukumbu za kikao.

Mnada ukawaka. Dau la laki tatu lilikuwa la mama mdogo, na uso wake ukajaa skrini nzima, amekunja uso kama watu wote wanavyofanya kwenye vitambulisho. Bosi, aliyekuwa amesimama nyuma ya ukumbi kwa wakati huo, akanikanyaga mguu. Nikaandika laki nne. Mashine ikampandisha mama mdogo juu yake. Nikaandika tano, akapanda. Nikaandika sita na nusu, akapanda. Kila mara zile nyuso mbili zilibadilishana pale ukutani, wa mama mdogo, wa mlinzi, wa mama mdogo, wa mlinzi, na wale wanaume wawili wakaanza kufurahia kana kwamba wanaangalia mpira. Niliona kila ngazi ikikata kipande cha ile mashine ya vifungo. Nilijichukia, na niliendelea.

Kwenye laki nane yule mwanamke alivaa miwani.

"Huyu si ndiye aliyetuandikisha pale getini?"

Bosi aliutazama uso wa Mjomba kwa mara ya kwanza maishani mwake, na macho yakamtoka pima. Lakini mtu hafiki pale alipofika kwa kukosa maneno. Alitabasamu, akafungua mikono, akasema naam, ndiye. Akasema kwenye kampuni hii fursa hazimbagui mtu, na kama kiongozi anajivunia kuona hata mlinzi wake anashindana kihalali, kwa jasho lake, kumiliki jina. Akasema huo ndio uwazi wenyewe. Wanaume wawili wakapiga makofi. Mwanamke akaomba mlinzi aitwe.

Alikuja na kofia kwapani na kitabu chake mkononi, kwa sababu hakuwahi kukiacha peke yake. Akasimama chini ya skrini, akajitazama. Kisha akamtazama bosi, ambaye alikuwa anamkodolea macho kwa namna ambayo ingemfanya mtu mwingine akubali hata kosa la kuiba daraja.

"Ni mimi," mlinzi akasema. "Hilo shati nililiazima."

Mkaguzi akamuuliza kama ni kweli analishindania jina lile.

"Kama picha yangu inashindana, basi nashindana."

Akaulizwa simu yake iko wapi. Akasema inachaji. Akaulizwa hiyo laki nane ataitoa wapi, na hapo bosi akadakia kabla hajajibu. Kampuni, alisema, ina mfuko wa kuwakopesha wafanyakazi, hauna riba, na huyu bwana mkopo wake umeshapitishwa, yeye mwenyewe ameutia sahihi, na mashine inampandishia dau yenyewe hadi kikomo chake. Mkaguzi akaandika. Bosi akapumua. Akanigeukia na kunipa ile ishara yetu ya kukohoa: Mjomba asogee mara ya mwisho, kisha aondoke.

Niliandika laki nane na arobaini. Mashine ikampeleka mama mdogo kwenye laki nane na arobaini na tatu, mwisho wake, sarafu ya mwisho ya kopo. Zilibaki sekunde thelathini. Kwa mujibu wa kazi yangu nilitakiwa kuondoa mikono na kumwacha ashinde, ashukuru, alie kwa furaha.

Sitajifanya nilikuwa na hesabu kubwa kichwani. Nilikuwa na hasira tu, na aibu, na nilikuwa nimemsikia bosi akisema mbele ya Mamlaka kwamba mlinzi ana uwezo wa kulipa. Basi alipe. Niliandika laki nane na hamsini.

Uso wa mlinzi ukajaa ukutani. Sekunde zikaisha. Chini yake pakaandikwa, kwa maandishi ya dhahabu ambayo Mjomba hakuwahi kuandikiwa mbele ya watu: HONGERA, UMESHINDA.

Zamani Mjomba alipoteleza akashinda, dawa ilikuwa moja. Tulimwandikia wa pili kwamba mshindi ameshindwa kulipa, na kwamba ana bahati ya kipekee kupewa nafasi kwa dau lake la mwisho. Lakini safari hii mshindi alikuwa amesimama palepale, mkopo wake umeshasemwa, na mwanamke wa miwani alitaka kuona makabidhiano kwa macho yake. Fundi wa mitambo, yule mgeni, alibonyeza mara tatu na kumhamishia mlinzi jina, akamchapia neno la siri kwenye karatasi. Mlinzi akaikunja, akaitia ndani ya kitabu. Wakapigwa picha, bosi amemkumbatia begani. Kisha wakaguzi wakaenda kula, na ripoti yao, niliiona baadaye, ilitusifu kwa ujumuishi.

Bosi hakunipigia kelele. Aliniita kwenye chumba cha matofali, akasema kidole kimoja kuteleza ni ubinadamu, jina litarudi, mlinzi atatia sahihi mahali atakapooneshwa. Kuhusu Mjomba, ameshazeeka. Tunahitaji sura mpya, ikiwezekana ya kike, watu wanawaamini zaidi wanawake. Kesho nije na picha mbili za pasipoti na kitambulisho changu. Alikuwa ameshafikiria hata jina: Shangazi.

Kesho yake asubuhi nilipitia kwa mpiga picha kabla ya kazi. Ndiyo, nilipitia. Zilikuwa mfukoni mwangu, bado zina joto, nilipoitwa getini saa nne.

Alikuwa mama mdogo, amevaa nguo zake za kwendea kwa watu. Ukurasa wa matokeo ulikuwa bado na ile picha ya mshindi, naye alikuwa amekuja kumwomba mtoto wake wa kwenye vioo amsaidie kumtafuta mtu huyo, sasa kwa kuwa amejua, kutokana na anwani chini ya tovuti, kwamba ni hapa hapa. Alipofika, mtu huyo ndiye aliyemfungulia geti na kumpa kalamu. Alikuwa ameshaandika kitabuni, kwa mwandiko wake wa kunyooka: jina lake, saa nne kasoro dakika nne, na kwenye safu ya anayeonwa, "mwanangu."

Nilipofika walikuwa wameshazungumza. Mlinzi alikuwa amemweleza habari nzima ya jana bila kupunguza wala kutia chumvi. Alimwambia pia kwamba tangu saa moja asubuhi ameletewa karatasi mara mbili ya kulirudisha jina kwa kampuni, na mara zote mbili amejibu kwamba anasubiri kushauriana na nyumbani, ingawa nyumbani kwake hakuna mtu ila paka. Akamuuliza mama mdogo jina lile ni shilingi ngapi kwa mwaka likilipiwa kwa wakati. Elfu ishirini. Akasema hizo mama atazilipa mwenyewe mwakani kwa kampuni, yeye mlinzi hauzi kitu ambacho hakununua. Akafungua kitabu, akatoa karatasi ya neno la siri, akampa. Alichotaka ni kiandikwe kitabuni, kwamba mzigo umetoka, na saa.

Mama mdogo aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Nilianza kutabasamu. Nilidhani yamekwisha.

"Lakini kuna kitu nimekuwa nakiwaza usiku kucha," mlinzi akasema, na alikuwa ananitazama mimi, bila ubaya. "Uso ulikuwa wangu, mama, nisamehe. Mkono ulikuwa wa nani, dada?"

Ningeweza kusema ni mashine. Miaka mitatu nilikuwa nimewaambia watu ni mashine, kwa sauti laini. Mama mdogo aligeuka, akanitazama, akisubiri nimsaidie kumtaja huyo mtu.

"Wangu," nikasema.

"Tangu jana?" akauliza.

"Tangu Ijumaa."

Alihesabu, niliona midomo yake ikihesabu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, ile chai. Kisha akaomba kalamu. Akalaza rula ya mlinzi juu ya mstari wake, akalikata neno "mwanangu" kwa mstari mmoja ulionyooka, kama anavyokata kitambaa, na juu yake akaandika "mlinzi." Kwenye saa ya kutoka akaandika saa nne na dakika kumi na tisa. Akatia sahihi, akaaga, akaondoka na jina lake kwenye mkoba.

Zile picha sikumpa bosi. Ninazo hadi leo, pamoja na barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe. Kwa mama mdogo bado nakwenda Jumapili. Ananifungulia, anafuta kiti kwa kanga, ananipa kikombe kile kizuri cha kabatini, ananiuliza habari za huko nitokako. Ananikaribisha vizuri kabisa, kama mgeni.